Siku Niliyofagia Nyayo za Baba

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Kimandolu ilifungwa mara moja tu kwa mwaka, na kuifunga kulichukua siku mbili nzima. Watani wetu husema kila Desemba Wachaga wanarudi mlimani kuhesabiwa. Waseme. Mimi nilichojua ni kwamba shule zikishafungwa, Mama anafunga kanga kiunoni, anasimama katikati ya sebule na kusema, "Haya, tuanze." Kwangu likizo ilianza hapo, kabla hata hatujafika Masama kwa Bibi.

Mama alikuwa na utaratibu wake na ole wako uuvuruge. Friji ilitolewa kila kitu, ikapanguswa kwa maji ya ndimu, ikaachwa mlango wazi na kandambili imebanwa katikati ili isivunde. Mchele na unga viliingia kwenye ndoo za mifuniko kwa sababu ya panya, maana panya wa Kimandolu hawaendi likizo. Mtungi wa gesi ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena ili Mama awe na uhakika. Luku iliongezwa umeme wa kutosha ili taa ya nje iwake wiki zote mbili na mwizi adhani tupo. Kuku wetu wanne walihamia kwa jirani, Mama Anaeli, mama wa Kimeru ambaye kwao Akheri ni hapo juu tu, kwa hiyo hakuwa na haja ya kufunga nyumba wala kubeba begi. Yeye ndiye aliyebaki na ufunguo. Mwisho kabisa ilikuja sakafu, ile sakafu nyekundu ya saruji tuliyoisugua kwa nta mpaka magoti yakauma. Mama alitaka Januari afungue mlango akute nyumba inamngoja safi.

"Ukiacha uchafu ndani, unazaa," alikuwa akisema, na mimi niliamini kabisa kwamba uchafu una watoto.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la nne, na kuifunga nyumba kulikuwa na msimamizi wa pili. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameletwa mjini kutibiwa macho, akakaa kwetu mwezi mzima, na sasa tulikuwa tunamrudisha kwake. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa bandeji. Lile lililobaki lilitosha. Aliwekewa kiti sebuleni, fimbo magotini, akawa anatoa amri zake juu ya amri za Mama.

Kwa Bibi nyumba haiachwi tupu. Lazima ubakize maji kidogo kwenye sufuria na unga kiganja kimoja, la sivyo nyumba inajifunza njaa na itakufundisha na wewe utakaporudi. Msafiri akishavuka kizingiti haitwi tena kwa jina lake, hata kama amesahau nauli. Hayo Mama aliyafuata huku akitabasamu pembeni. Lakini lilikuwepo moja ambalo Bibi alilisema bila kutabasamu na bila kutaka mtu mwingine atabasamu. Mtu akiondoka kwenda safari, nyayo zake hazifagiwi mpaka isikike amefika. Ukifagia, unamfukuza. Barabara inasikia kwamba kwao hawamtaki.

"Mama, hayo ni ya zamani," Mama alimwambia, kwa heshima, maana ni mama mkwe. Mama alikuwa mwanakwaya wa usharika wetu, na mambo kama hayo yalimtia aibu kidogo. "Siku hizi tunamkabidhi msafiri kwa Yesu."

"Na mimi namkabidhi kwa Yesu," Bibi akajibu. "Ila ufagio weka chini."

Sasa nieleze kilichokuwa rohoni mwangu, bila hivyo hamtanielewa. Baba alikuwa dereva wa watalii. Desemba, wakati baba za wenzangu wananunua mbuzi wa sikukuu, yeye yuko mbugani na wazungu wanaotafuta chui. Krismasi mbili mfululizo tulikwenda Masama bila yeye. Mwaka ule aliapa. Alikuwa ameomba likizo, akapewa, akaniambia mimi mwenyewe, "Aika, mwaka huu tunakwenda wote, na utakaa dirishani." Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mwalimu wa shule ya Jumapili wa kule mlimani alikuwa ametuma salamu kwamba mjukuu wa mjini atasoma kwa moyo aya za wachungaji, siku ya Krismasi, mbele ya kanisa zima. Nilizikariri nikienda shule, nikirudi, nikiosha vyombo. Nilitaka Baba anisikie. Basi, hilo tu ndilo nililotaka.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na uani palikuwa tope tupu, lile tope jeusi la kwetu linaloganda kwenye viatu. Tulikuwa tunakunywa chai, mabegi yako mlangoni. Simu ya Baba ikaita. Akasikiliza, akasimama, akaenda dirishani. Tuliuona mgongo wake na tukajua.

Dereva mwenzake alikuwa ameugua ghafla. Wageni walikuwa wameshafika hotelini, gari limeshapakiwa.

"Siku nne tu," alisema. "Mkesha wa Krismasi, jioni, nipo Masama. Wallahi."

Baba ni Mlutheri. Akiapa kiislamu ujue amebanwa.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Nenda," alisema. "Nenda na wageni wako. Sisi tumeshazoea."

Baba akatoka kuwasha gari la kazini, akarudi ndani na viatu vyake vya tope kuchukua chupa ya chai na koti, akatoka tena. Akipita aliniwekea mkono kichwani. Niliinama mkono ukateleza. "Nitazisikia aya zako, mama," aliniambia. Mama, ambaye hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwetu bila kusindikizwa mpaka barabarani, alibaki amekaa. Aliyemsindikiza mwanawe ni Bibi, akipapasa ukuta kwa sababu ya lile jicho.

Gari likaondoka. Mama akaenda chumbani kufunga begi la mwisho. Bibi nikamsikia getini akiagana na Mama Anaeli, na Bibi akiagana hamalizi. Nikabaki peke yangu sebuleni na sakafu yetu tuliyoisugua siku mbili, na katikati yake nyayo za Baba. Zilikuwa kubwa, nyeusi, kila moja na alama za soli, za mwisho zimeelekea mlangoni.

Nikaenda nyuma ya mlango wa jikoni nikachukua ufagio.

Ningependa kusema nilisahau katazo. Sikusahau. Ningependa kusema nilikuwa nataka usafi, mtoto mwema wa mama yake. Hata hilo si kweli. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananguruma. Nilizifagia moja moja, kuanzia mezani, zile zilizoganda nikazikwangua kwa kisigino, nikazivusha kizingiti, nikazishusha ngazi mpaka kwenye majani. Na nilipofika kwenye majani nikasema kwa sauti, si kubwa, lakini sauti, "Basi usirudi."

Halafu nikarudisha ufagio mahali pake, nikavaa viatu.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Nilikaa dirishani mwa basi kama nilivyoahidiwa, nikala mahindi ya kuchoma Boma Ng'ombe, tukashuka Kwa Sadala tukapanda kwa gari la jirani mpaka kwa Bibi, kwenye migomba na baridi na harufu ya moshi. Siku tatu sikuwaza lolote. Nilicheza na binamu zangu, nikakamua ng'ombe mbele ya mashahidi, nikaringia Kiswahili changu cha mjini.

Mkesha wa Krismasi, jioni, Baba hakuja.

Wakati ule simu kule mlimani zilishika mtandao sehemu moja tu, kwenye kilima kilicho juu ya nyumba, karibu na mti wa parachichi wa jirani. Mama alipanda huko kabla ya giza. Akarudi. "Haipatikani," alisema. "Mbugani hakuna mtandao." Asubuhi ya Krismasi alipanda tena kabla hatujaamka. Akapanda tulipotoka kanisani, akapanda baada ya chakula. Kila akirudi anasema neno lilelile, mbugani hakuna mtandao, kama vile sisi ndio tuliokuwa tukibisha.

Kanisani nilisimama mbele na gauni langu jipya. Nilifungua mdomo, nikaangalia mlango mkubwa wa kanisa kuona kama ataingia, na aya zikaondoka zote. Hakuna hata moja iliyobaki. Mwalimu alininong'oneza mwanzo, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikaangua kilio. Kanisa zima likanipigia makofi kwa huruma, wakidhani nimeona aibu ya watu, kumbe nilikuwa nimeelewa mbele ya madhabahu kwamba nimemuua baba yangu.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilimfuata Bibi jikoni. Alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Umeamka na uso gani huo?"

"Bibi, mtu akifagia nyayo za msafiri kwa bahati mbaya, inakuwaje?"

"Kwa bahati mbaya, Mungu anaona."

"Na akifagia makusudi?"

Kisu kikasimama. Bibi akanigeuzia lile jicho zima, akaniangalia muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikaangalia maganda.

"Aliyefanya makusudi," alisema, "anajua mwenyewe cha kufanya." Akaendelea kumenya.

Na kweli nilijua. Mtoto wa Kichaga hata akizaliwa mjini anajua sale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwona mzee mmoja akimletea Bibi jani la sale kwa sababu mbuzi wake walimaliza maharage ya Bibi na juu ya hayo mzee akamtukana. Bibi alikuwa ameapa hatamsemesha mpaka kaburini. Alipoliona lile jani limefungwa fundo, alifyonza, akalipokea, akamkaribisha kiti. Kwetu sale likishaletwa halikataliwi. Ukilikataa, kosa linahamia kwako.

Nikachuma jani mpakani, refu kuliko yote niliyoyafikia, nikalifunga fundo. Tatizo ni kwamba niliyemkosea hayupo. Sikujua la kufanya na tatizo hilo, kwa hiyo nilishuka barabarani, nikakaa kwenye jiwe na jani langu, nikangoja. Niliitwa kula, sikwenda. Nilimwahidi Mungu vitu vingi. Nilimwambia hata dirishani sitaki tena, nitakaa popote.

Ilikuwa kama saa nane mchana nilipomwona mtu anapanda kwa miguu. Suruali tope mpaka mapajani. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa mwendo.

Gari lao lilikuwa limeteleza kwenye tope likalalia ubavu korongoni. Wageni walikuwa salama, mkono wake ndio ulivunjika, na walikaa siku mbili kabla ya kupata gari la kuwatoa. Hayo niliyasikia baadaye. Pale barabarani sikumsalimia wala sikumkimbilia. Nilisimama mbele yake nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Aika? Hili la nini?"

"Nilifagia nyayo zako," nilimwambia. "Makusudi. Nikasema usirudi."

Baba alikuwa mtu wa kucheka, na nilitegemea acheke. Hakucheka. Alichuchumaa palepale kwenye tope, akalipokea jani kwa mkono mzima, akaliingiza mfuko wa shati, likachomoza nusu.

"Nimepokea," alisema. "Limekwisha. Na mimi nilivunja ahadi, nitakupa jani gani na mkono wenyewe ndio huu?" Hapo ndipo akacheka, nami nikalia kwa mara ya pili katika siku mbili. "Haya, nisomee aya zangu."

Nikamsomea zote, barabarani, kuanzia wachungaji mpaka malaika wanaondoka. Sikukosea hata neno.

Tulipofika nyumbani Bibi aliliona lile jani mfukoni, akatikisa kichwa taratibu, akapiga kelele mtori uletwe. Mama alimshika Baba usoni kwa mikono miwili, akaushika na ule mkono uliovunjika, halafu akaliona jani akauliza. Nikamweleza na yeye. Nilidhani ningepata kofi, au kukumbatiwa.

"Acha upuuzi," alisema. "Gari limeanguka kwa sababu ya tope." Akaenda kuchemsha maji ya kuoga.

Iliniuma. Miaka mingi niliamini kwamba Mama ni mtu wa akili kavu, asiye na nafasi ya mambo kama yale, na kwamba mimi na Baba na Bibi tulikuwa wa upande mmoja na yeye wa upande mwingine. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Nikasoma, nikaajiriwa, nikapata nyumba yangu huku Njiro. Nami kila Desemba naifunga, na mume wangu hujua kwamba akishabeba begi lake kutoka nje, ndani hapafagiwi. Ananitania mbele za wageni. Namwacha atanie.

Desemba iliyopita nilikwenda Kimandolu kumsaidia Mama kufunga nyumba, maana magoti yake sasa hayapandi kwenye kiti kufikia kabati. Sakafu nyekundu haipo tena, tuliweka vigae. Friji ni mpya, kandambili ya kubania mlango ni ileile au dada yake. Baba, mstaafu, alikuwa ameshatoka na fimbo yake na redio yake, amekaa kwenye gari langu, anapiga honi.

"Nyinyi wanawake, tutafika lini? Pasaka?"

Nikaona ameacha vumbi kwenye vigae vya Mama, nikachukua tambara bila kuwaza.

"Acha," Mama akasema. "Baba yako ameshatoka."

Niligeuka nikamcheka. "Mama! Wewe? Si uliniambia ni upuuzi?"

Hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, mkoba mapajani, anaangalia sakafu.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona wapi?"

"Siku ile. Nilikuwa kwenye korido na begi. Nilikuona unafagia, na ulipofika kwenye majani nilikusikia."

Niliweka tambara chini. Nilikuwa na miaka kumi siku ile, sasa nina watoto wawili. "Kwa nini hukunizuia?"

"Kwa sababu nilikuwa na hasira kuliko wewe." Alisema polepole, kama mtu anayetoa vitu sandukuni. "Nilisimama pale nikasema moyoni, acha afagie. Afagie tu. Halafu hakurudi, mwanangu, hakurudi... Unajua nilikuwa nakwenda kufanya nini kule kwenye parachichi? Simu niliijua haipatikani. Nilikuwa nakwenda kulia."

"Ungeniambia, Mama! Nilidhani nimemuua peke yangu."

"Ningekuambia nini? Kwamba na mimi nilitamani asirudi?" Sauti yake ikapanda, akaishusha. "Wewe ulikuwa mtoto, ulichuma jani lako ukaenda barabarani. Mimi mke wa mtu ningetokea na jani mbele ya mama mkwe nieleze nini?"

Sitasema uongo, nilikasirika. Kwa muda wa honi mbili za Baba nilimkasirikia mama yangu kwa kila usiku nilioamka utotoni nikihesabu pumzi za Baba upande wa pili wa ukuta. Halafu nikayaangalia magoti yake yaliyovimba, na hasira ikanitoka, ikabaki huruma.

"Na yeye hujamwambia?"

"Mpaka leo."

"Mwambie."

"Mzee yule? Atanicheka."

"Mimi hakunicheka," nilimwambia.

Tukafunga madirisha, tukafunga gesi, yeye akaifungua akaifunga tena. Vumbi tuliliacha. Mama, ambaye siku zote hukaa mbele na mimi, alifungua mlango wa nyuma akaingia karibu na Baba. Mpaka Usa River redio ya gari ndiyo iliyoongea. Kisha nikamsikia, "Baba Aika, kuna jambo la zamani," nikanyoosha mkono nikazima redio, nikakaza macho barabarani. Waliongea kwa Kichaga cha taratibu ambacho sikukifuata chote, na sikujaribu kukifuata.

Sijui kama barabara husikia. Tope lina mambo yake na breki zina mambo yake. Ninachokiamini leo ni kwamba Bibi hakuwa akiichunga barabara, alikuwa akituchunga sisi tunaobaki ndani na hasira zetu, kwa sababu alijua unaweza kumpenda mtu na kutaka asirudi, vyote viwili asubuhi moja. Mimi nilisamehewa baada ya siku sita tu. Mama alinisuka nywele, akanipikia, akanipeleka shule, akanioza, na muda wote huo alikuwa bado anamngoja mtu wa kumpokelea jani lake.